Jiwe ndani ya birika: historia ya kartushi inayolinda mashine za kahawa

Wakaaji wengi wa Goma wanaujua ule unga mweupe unaobaki chini ya sufuria maji ya ziwa yanapochemka. Wengine wanauita chumvi, wengine chokaa, na mafundi wanapenda jina la Kifaransa, kalikeri. Kwenye birika la jikoni hasara yake ni ndogo: mama anausugua, kesho unarudi, maisha yanaendelea. Lakini mashine za espresso zimeanza kuzoeleka katika mikahawa ya Goma na Bukavu, na ndani ya mashine hakuna mkono unaoingia kusugua. Humo, unga ule unashikamana na chuma, unakuwa ukoko, na ukoko unakuwa jiwe. Bomba linaziba, maji yanatoka matone kwa matone, chuma cha kupasha moto kinaungua, na mashine iliyonunuliwa kwa dola nyingi inawekwa pembeni ikingoja fundi na vipuri kutoka mbali.

Kinga inayouzwa dhidi ya ugonjwa huo ni kartushi: kichujio kidogo cha plastiki, kinachotiwa ndani ya tangi la maji la mashine au kufungwa kwenye bomba linaloingiza maji. Ukikitikisa unasikia chembechembe kama za mchanga. Wengi wanadhani ni uvumbuzi wa juzi. Kumbe elimu iliyomo ndani yake ina zaidi ya miaka 250, na sehemu kubwa ya historia yake haihusu kahawa hata kidogo. Inahusu hewa, sabuni, garimoshi, samadi na betri za magari. Anayeifahamu historia hiyo anajua anachokinunua. Anajua pia jambo lenye uzito zaidi: kazi ambayo kartushi haiwezi.

Hewa inayobeba jiwe

Mambo yalianzia Scotland. Katika miaka ya 1750, kijana aitwaye Joseph Black alikuwa akisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Edinburgh. Wakati ule waganga waliwapa maji ya chokaa wagonjwa wenye mawe ndani ya kibofu, na Black alitaka kuelewa dawa za aina hiyo. Aligundua kwamba jiwe la chokaa likichomwa linapungua uzito, kwa sababu kuna hewa inayotoka ndani yake. Aliiita hewa iliyofungwa, na mwaka 1756 akaichapisha kazi yake. Alionyesha pia kwamba hewa hiyo hiyo inatoka katika pumzi ya mtu na katika makaa yanayowaka, kwa kuwa maji safi ya chokaa yakipulizwa kwa mdomo yanageuka meupe kama maziwa.

Hewa hiyo leo inaitwa kaboni dioksidi, au gazi karbonike kwa waliosoma kwa Kifaransa. Wakaaji wa Goma na Sake wana jina lao wenyewe: mazuku, ile hewa nzito isiyoonekana, inayotulia katika mabonde ya lava na kuua mbuzi, na mara nyingine watu.

Mwaka 1767, Mwingereza Henry Cavendish alichapisha uchunguzi wake juu ya maji ya pampu moja ya mtaa wa Rathbone Place, jijini London. Yakichemshwa, maji yale yaliangusha chokaa nyingi. Swali lake lilikuwa rahisi: kabla ya kuchemshwa, chokaa hiyo ilikuwa imeshikiliwa na nini? Cavendish alionyesha kwamba ilishikiliwa na ile hewa ya Black.

Hapo ndipo fumbo la birika lilipofumbuliwa. Mvua inapoanguka na kupita katika udongo, inanyonya kaboni dioksidi na kuwa na uchachu kidogo. Maji hayo yakipita kwenye mawe ya chokaa yanayayeyusha taratibu na kuyabeba bila kuonekana, katika hali ambayo wanakemia wanaiita bikaboneti. Maji yanabaki maangavu, mtu anaona ni safi kabisa. Yakichemka, hewa inatoroka, na jiwe lililokosa wa kulibeba linarudi kuwa jiwe. Ndiyo maana ukoko unapenda mahali palipo na moto: chini ya birika, juu ya waya wa umeme wa kuchemshia maji, ndani ya mashine ya kahawa.

Uthibitisho wake ni mwepesi. Ukikamulia ndimu juu ya ukoko wa chokaa, utaona povu dogo. Ni hewa ile ile inayotoka mara ya pili, ikifukuzwa na asidi ya ndimu. Watu wanaosafisha mashine kwa asidi ya ndimu iliyo kama unga wanafanya kazi hiyo hiyo: wanauyeyusha ukoko ambao umekwisha kuota.

Sabuni na mvuke

Kwa muda mrefu elimu hii ilibaki ya wasomi. Watu wa kwanza kuihitaji kwa dhati walikuwa wafua nguo na wenye viwanda. Maji yenye chokaa na magnesi nyingi yanaitwa maji magumu, na yanakula sabuni: unasugua, povu halitoki, nguo inabaki na utando wa kijivu. Mwaka 1841 Thomas Clark, profesa wa kemia katika Marischal College huko Aberdeen, alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, kwa njia ya kulainisha maji ya mji mzima. Njia yake iliwashangaza watu, maana alitoa chokaa kwa kutia chokaa. Chokaa iliyochomwa inainyakua ile hewa inayobeba jiwe, na vyote viwili vinaanguka chini ya tangi kama matope meupe. Clark aliacha pia kipimo kilichotumiwa sana: unachanganya maji na sabuni ndani ya chupa, unatikisa, na kuhesabu sabuni inayohitajika mpaka povu likae. Kadiri sabuni inavyokuwa nyingi, ndivyo maji yalivyo magumu.

Karne ile ile ilikuwa karne ya mvuke. Kila garimoshi na kila meli ya mvuke ilibeba tangi kubwa la kuchemshia maji, na kila tangi liliota ukoko. Ukoko wa chokaa haupitishi joto vizuri kama chuma. Hivyo moto ulilazimika kuwa mkali zaidi, kuni au makaa ya mawe yakaisha haraka, na chuma kilichofunikwa na ukoko kikapata joto kupita kiasi na kudhoofika. Tangi likidhoofika linaweza kupasuka na kuua. Kwa hiyo matangi yalimwagwa na kuoshwa kila baada ya muda.

Kongo nayo iliingia katika zama hizo. Reli ya kutoka Matadi hadi Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, ilianza kujengwa mwaka 1890 na kufunguliwa mwaka 1898, kwa gharama ya maisha ya wafanyakazi wengi sana. Mwaka 1915 reli nyingine ilifika kwenye Ziwa Tanganyika, mahali palipoitwa Albertville, ambapo leo ni Kalemie. Garimoshi za mvuke zilikunywa maji njiani kama ng'ombe kwenye birika la malisho, na ugumu wa maji ya kila mahali ulikuwa habari ya mhandisi kabla ya kuwa habari ya mpika kahawa.

Somo lililotoka kwenye samadi

Njia ya Clark ilitaka matangi makubwa, chokaa nyingi na mahali pa kutupa matope. Haikuweza kuingia ndani ya kichujio kinachotosha kwenye kiganja. Kilichoifungua njia nyingine kilitoka shambani.

Harry Stephen Thompson alikuwa mwenye mashamba huko Yorkshire, Uingereza. Alitaka kujua kinachotokea kwa nguvu ya samadi mvua inaponyesha: je, inaoshwa yote na kupotea? Alipitisha maji yenye chumvi ya amonia juu ya udongo na kuchunguza yanayotoka chini. Amonia ilikuwa imebaki ndani ya udongo, na badala yake maji yalitoka na chokaa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1850. Mwanakemia wa Chama cha Kifalme cha Kilimo cha Uingereza, John Thomas Way, aliendeleza kazi hiyo na kuonyesha kwamba udongo wa mfinyanzi hauchuji tu, unabadilishana. Unashika kitu kimoja na kuachia kingine kwa kipimo kinacholingana.

Ni kama soko la zamani la kubadilishana mali, kabla ya franga. Mmoja anaweka chini mihogo, mwingine anaweka samaki, kila mmoja anaondoka na cha mwenzake, na hakuna anayeondoka mikono mitupu. Vitu vinavyobadilishana ndani ya maji ni chembe ndogo sana zenye umeme, zinazoitwa ioni. Chokaa iliyoyeyuka ni ioni za kalsi, na mara nyingi zinaandamana na ioni za magnesi.

Mwanzoni mwa karne ya 20, Mjerumani Robert Gans wa Berlin alitengeneza kiwandani madini yanayofanya kazi hiyo ya udongo kwa nguvu zaidi. Yaliuzwa kwa jina la Permutit, kutoka neno la Kilatini lenye maana ya kubadilisha. Maji magumu yakipita juu yake, kalsi na magnesi vinabaki, na sodiamu inatoka. Madini yakishiba, yanamwagiwa maji ya chumvi ya kawaida ya kupikia: sodiamu inarudi mahali pake, kalsi inaoshwa na kumwagwa, na kazi inaanza upya.

Mwaka 1935 Basil Adams na Eric Holmes, wakifanya kazi katika maabara ya serikali huko Teddington karibu na London, walionyesha kwamba hata plastiki inaweza kutengenezwa ili ifanye biashara hiyo ya ioni. Katika miaka ya 1940, Gaetano D'Alelio wa kampuni ya General Electric huko Marekani alipata chembe za plastiki imara zaidi, ambazo jamaa zake zinatumika mpaka leo. Zinaitwa resini. Ndizo zile zinazosikika kartushi inapotikiswa.

Kahawa yaingia ndani ya chuma

Wakati elimu ya maji ilipokuwa ikikomaa, kahawa nayo ilianza kupikwa kwa mashine. Mwaka 1884, Angelo Moriondo wa Torino, Italia, alipata hataza ya mashine ya mvuke ya kupika kahawa nyingi kwa haraka. Mwaka 1901 Luigi Bezzera wa Milano aliiendeleza ili kila mteja apate kikombe chake papo hapo, na Desiderio Pavoni akainunua haki hiyo na kuzitengeneza mashine kwa ajili ya soko. Mwaka 1906 ziliwekwa mbele ya watu katika maonyesho makubwa ya Milano.

Mashine hizo zilikuwa ndugu wadogo wa garimoshi: tangi la shaba, moto chini, mvuke juu. Zilirithi na ugonjwa wa garimoshi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Achille Gaggia alileta mashine ya mkono wa kuvuta, iliyosukuma maji kwa nguvu kubwa na kuipa kahawa lile povu la dhahabu. Mwaka 1961 kampuni ya Faema ilitoa mashine iliyoitwa E61, ambayo pampu ya umeme ilichukua nafasi ya mkono. Maji yalitoka moja kwa moja kwenye bomba la mji, yakapita katika mrija uliozungukwa na maji ya moto, yakafika kwenye kahawa.

Kwa mhudumu lilikuwa jambo la furaha. Kwa ukoko pia. Mrija mwembamba wenye joto, unaopitisha maji mapya ya mji siku nzima, ni nyumba nzuri kuliko zote kwa chokaa. Ndiyo maana chini ya meza ya mikahawa mingi ya Italia kulikaa chupa kubwa ya chuma yenye resini ndani, na mwenye mkahawa alikuwa na desturi ya kuitia chumvi ya kupikia kila baada ya siku kadhaa, usiku wateja wakishaondoka. Ilikuwa ni njia ile ile ya Gans.

Kutoka betri ya gari hadi jagi la nyumbani

Kartushi ndogo inayotupwa baada ya kazi ilipata njia yake Ujerumani. Mwaka 1966 Heinz Hankammer alianzisha kampuni aliyoipa jina la binti yake, Brita. Bidhaa yake ya kwanza haikuwa ya kunywa. Ilikuwa chombo cha kutoa madini ndani ya maji ya betri za magari, kwa kuwa betri inayojazwa maji ya bomba inakufa mapema. Kila fundi wa pikipiki wa Kivu analijua somo hilo. Mwaka 1970 kampuni hiyo ilitoa kichujio cha maji cha nyumbani, na miaka iliyofuata jagi lenye kartushi likaenea Ulaya. Kutoka kwenye jagi hadi kwenye tangi la mashine ya kahawa hatua ilikuwa fupi. Watengenezaji wa mashine, kama Jura ya Uswisi, waliweka ndani ya tangi mahali maalum pa kuchomeka kartushi.

Isichanganywe na karatasi ya kuchujia kahawa, ambayo Mjerumani mwingine, Melitta Bentz wa Dresden, aliibuni mwaka 1908. Karatasi inazuia machicha ya kahawa yasiingie kikombeni. Kartushi inafanya kazi kabla maji hayajaikuta kahawa.

Resini iliyomo katika kartushi nyingi za aina hii inatofautiana kidogo na ile ya chumvi. Inachukua kalsi na magnesi, na kutoa haidrojeni. Haidrojeni hiyo inakutana na bikaboneti iliyomo majini, na vikiungana vinakuwa maji na kaboni dioksidi. Kwa maneno mengine, jiwe linabaki ndani ya kartushi, na mbeba jiwe, ile hewa ya Black na ya mazuku, anaenda zake. Ndani yake huwekwa pia makaa maalum yanayonyonya harufu ya klori, ile dawa inayotiwa katika maji ya bomba.

Kartushi inashiba

Kwa kuwa kartushi inafanya biashara ya kubadilishana, ina akiba yenye mwisho. Haidrojeni ikiisha, maji yanapita kama yalivyo, na hakuna taa wala harufu ya kumwonya mtu, isipokuwa mashine iwe na hesabu yake ya ndani. Watengenezaji wengi wanashauri kartushi ndogo ya tangi ibadilishwe baada ya lita 50 hivi au miezi 2. Lakini hesabu hiyo inategemea ugumu wa maji.

Chukua mfano wa kartushi inayoweza kushika gramu 10 za chokaa. Kama kila lita ya maji ina miligramu 100, itatosha lita 100. Kama kila lita ina miligramu 300, itashiba baada ya lita 33. Mkahawa unaotumia lita 10 kwa siku utaimaliza kartushi hiyo kwa siku 3 au 4. Mwenye mkahawa anayeiacha miezi 6 kwa sababu haijapasuka anajidanganya: ana plastiki tupu ndani ya tangi, na ukoko unaendelea na kazi yake. Zaidi ya hayo, kichujio kinachokaa na unyevunyevu muda mrefu kinaweza kuwa makao ya vijidudu.

Hali ya Ziwa Kivu

Hapa ndipo historia ya Ulaya inapokutana na mawe ya hapa. Goma imejengwa juu ya lava. Mvua inapotea ndani ya mawe yenye matundu, mto haupiti mjini, na Regideso inavuta maji kutoka Ziwa Kivu. Ziwa hilo si la kawaida. Chemchemi za chini, zenye madini na gesi kutoka katika miamba ya volkano, zinaliingilia tangu maelfu ya miaka. Maji ya juu ya ziwa yana karibu gramu 1 ya chumvi mbalimbali katika kila lita, nyingi zikiwa bikaboneti, pamoja na magnesi na sodiamu. Kalsi yenyewe ni kidogo, kwa sababu sehemu kubwa imekwisha kuanguka na kuwa chokaa kwenye miamba na kwenye tope la chini. Mto Ruzizi unayachukua maji hayo na kuyashusha hadi Ziwa Tanganyika, ambalo nalo linapata sehemu kubwa ya chumvi zake kwa njia hiyo.

Klori inayotiwa na Regideso inaua vijidudu, haitoi chumvi. Kwa hiyo mashine ya kahawa ya Goma inapewa maji tofauti sana na yale iliyotengenezewa. Chama cha kahawa bora cha Marekani kiliwahi kupendekeza maji yenye miligramu 150 za madini kwa lita, na yasipungue 75 wala kuzidi 250. Maji ya ziwa yanapita kiwango hicho mara kadhaa.

Madhara hayaishii kwenye bomba. Kahawa ya arabika ya Kivu, ile ya Kalehe, Minova na Idjwi, inasifiwa na wanunuzi wa nje kwa uchachu wake mtamu, kama wa tunda. Bikaboneti ni adui wa uchachu. Kazi yake ni kuuzima, kama magadi yanavyouzima uchachu wa kitu chochote. Kahawa nzuri ikipikwa kwa maji yenye bikaboneti nyingi inakuwa bubu. Kartushi inapunguza bikaboneti ile tu inayoandamana na kalsi na magnesi. Ile inayoandamana na sodiamu inabaki. Na chupa ya chumvi ya mtindo wa Italia inalinda mashine, lakini haigusi bikaboneti yoyote.

Kwa hiyo kwa anayetumia maji ya ziwa, kartushi peke yake ni msaada mdogo na wa muda mfupi. Mikahawa yenye maji ya namna hiyo duniani hutumia osmosi, yaani utando unaosukumiwa maji kwa nguvu na kuziacha chumvi nyuma, kisha maji yanachanganywa kidogo na yale ya kawaida. Kuchanganya ni lazima, kwa sababu maji yasiyo na madini kabisa yanaweza kula chuma, yanatoa kahawa isiyo na ladha, na kuna mashine ambazo kipimo chake cha maji hakiyatambui. Wanaopata maji ya vijito na chemchemi za milimani, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Bukavu, kwa kawaida wana maji laini zaidi kuliko ya ziwa, na kwao kartushi inaweza kudumu. Namna ya kujua ni kupima. Kuna vikaratasi vya kupima ugumu wa maji vinavyobadilika rangi kwa dakika moja, na bei yake haifikii hata kidogo ile ya mashine.

Kartushi haiui kolera

Jambo moja linapaswa kusemwa wazi katika mji kama Goma. Neno kichujio linawapa watu imani kwamba maji yaliyopita humo yamesafishwa. Kwa kartushi ya chokaa, imani hiyo ni ya hatari. Resini inabadilishana ioni. Kijidudu cha kolera si ioni, na kinapita. Watengenezaji wenyewe wanaandika kwamba kartushi zao ni za maji ambayo tayari yanafaa kunywewa.

Goma haihitaji kukumbushwa kolera ni nini. Mwezi wa Julai 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipofurika mjini na katika kambi za pembeni, ugonjwa huo na kuhara damu viliua maelfu kwa maelfu ya watu katika wiki chache, na mpaka leo kolera inarudi Kivu mara kwa mara. Maji ya espresso yanafika kwenye joto kali, lakini maji ya jagi lililo mezani, ya barafu au ya kuoshea vikombe hayafiki huko. Mhudumu anayemimina glasi ya maji kutoka kwenye tangi la mashine akisema yamechujwa anaweza kumdhuru mteja bila kukusudia. Maji kwanza yatiwe klori au yachemshwe. Chokaa ni mazungumzo yanayofuata.

Ni nani anayepoteza

Mtu anaweza kusema haya ni mambo ya wenye pesa. Lakini kwa miaka mingi wakulima wa pwani ya Ziwa Kivu waliuza kahawa yao mbichi ng'ambo kwa magendo, wakivuka usiku kwa mitumbwi, na wengi walizama. Kuanzia mwaka 2003, ushirika kama SOPACDI wa Minova ulianza kuwakusanya wakulima, kujenga vituo vya kuosha kahawa na kuiuza nje kwa jina la Kivu. Mashindano ya kuonja kahawa, Saveur du Kivu, yameonyesha kwamba kahawa hiyo inaweza kukaa meza moja na kahawa za nchi nyingine.

Kilichobaki ni kwamba inywewe pia nyumbani, na watu wa Kivu waijue ladha ya jasho lao. Mikahawa ya Goma na Bukavu ndiyo inayofungua mlango huo, na mashine moja ikifa, mlango unajifunga. Sehemu kubwa ya kikombe cha kahawa ni maji. Mkulima amechuma punje nyekundu moja moja, akina mama wamechambua, mkaangaji amelinda moto wake. Wote hao wanaweza kupoteza kazi yao mahali pa mwisho kabisa, ndani ya mrija ulioziba.

Basi anayenunua mashine anunue kwanza vikaratasi vya kupimia maji. Akitumia kartushi, aandike juu yake tarehe aliyoiweka na kuhesabu lita, bila kusahau kwamba maji ya ziwa yataishibisha upesi. Akiona ukoko, atumie asidi ya ndimu kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji, kisha aisuuze mashine kwa maji mengi. Na maji ya kunywa ayatafutie dawa yake mbali na kartushi.